Nywele nyepesi zinazolala fofofo: namna ya kuzinyanyua mpaka zifike ukumbini zimejaa

Hii nawaandikia wenzangu wenye nywele nyepesi, za singa au zenye mawimbi kidogo, zile kila mtu anazisifia mashaallah laini lakini ukivua mtandio zimelala chapati kichwani na masikio yanachungulia huku na huku. Maana hapa kwetu Unguja ukilalamikia nywele jawabu ni moja tu, tia mafuta. Bibi atakwambia tia mafuta, wifi atakwambia tia mafuta, muuza duka Darajani ndo atakupangia vichupa kabisa juu ya meza. Ushauri huo ni wa mwenye nywele ngumu zinazokauka na kukatika, na kwake yeye uko sawasawa, ila kwa nywele nyepesi ndo unaotumaliza.

Mie natengeneza nywele nyumbani, bi harusi na wasindikizaji wake, na ninachokiona kila mara ni kwamba nywele zikilala hazijakosa kitu, zimezidishiwa. Kuna kitu kimezikalia juu. Mafuta, kondishna, chokaa ya maji ya kisima, au huo ushungi wenyewe uliofungwa nywele zikiwa bado mbichi. Kwahiyo kazi kubwa hapa ni kupunguza, afu kuzikausha kwa akili, na hayo ya kuongeza yanakuja mwisho na ni machache.

Kwanini zinalala lakini? Unywele wako mmoja mmoja ni mwembamba, hauna nguvu ya kusimama pale unapotokea kwenye ngozi. Afu ngozi ya kichwa inatoa mafuta yake yenyewe kila siku, na kwenye nywele za kujikunja yale mafuta yanapata tabu kushuka kwa sababu njia yote ni kona, ila kwenye nywele zilonyooka yanateremka moja kwa moja, ndo maana mwenzio wa kipilipili anaweza kukaa wiki mbili hajakosha na kichwa kikavu, weye siku ya pili tu pale unapopasulia nywele pashaanza kung'aa. Hilo si uchafu wala si maradhi, ndivo zilivyo. Na urefu nao una lake, nywele zikifika kiunoni zinajivuta zenyewe kwa uzito, utosini lazima pawe flati.

Maji kwanza, hapa wengi hawapafikirii

Unguja chini ni jiwe la matumbawe sehemu kubwa, na maji tunayotumia, ya kisima au ya bomba, mengi yanatoka chini ya ardhi, yanapita kwenye hilo jiwe na kuchukua chokaa. Ukiwa karibu na pwani na kisima chenyewe si kirefu unaongezewa na chumvi juu yake. Kujua maji yako yakoje huhitaji mtaalamu, tia maji kwenye beseni ukoshe kitu kwa sabuni ya mche. Povu likipatikana kwa tabu na pembezoni mwa beseni pakabaki ule utando mweupe wa kunata, basi ujue utando huo huo ndo unaokaa kichwani kwako ukikoshea nywele sabuni ya mche. Chokaa ikikutana na sabuni inafanya kitu kama ute mzito, hauondoki kwa kusuuza, unabaki juu ya unywele, nywele zinakuwa butu, hazing'ai, zinashikana, na zikishikana zinalala.

Kwahiyo nywele zikoshe kwa shampuu, sabuni ya mche iwache kwa nguo. Na mara moja kwa wiki au wiki mbili, ukishamaliza kukosha, suuza mwisho kwa maji ya siki, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji safi, mimina taratibu kichwani, kaa nayo dakika moja mbili, halafu suuza tena. Siki inaondoa ile chokaa. Harufu inakwisha nywele zikikauka, usiwe na wasiwasi kwamba utanuka kachumbari. Wapo wanaotumia ndimu na ndimu nayo inafanya kazi hiyo hiyo, ila na hadhari zake, maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani yanaweza kukuunguza na kukuachia mabaka meusi kwenye paji na shingoni, sasa unatengeneza nywele unaharibu uso. Mie nasema siki.

Na masika yakianza, jamani, kinga maji ya mvua. Wacha mvua ikoshe bati kwanza, zile za mwanzo zina vumbi na vinyesi vya ndege, halafu ndo utie ndoo. Maji ya mvua hayana chokaa, shampuu kidogo tu povu linajaa na nywele zinatoka nyepesi mpaka utashangaa ni zako.

Kukosha kwenyewe

Kama una mafuta ya nazi kichwani na unajua umetia mengi, usianze na maji. Tia shampuu kidogo kwenye nywele kavu, sugua pale penye mafuta, ndo uje na maji. Ukianza na maji yale mafuta yanayateleza maji yote na shampuu inapita juu juu. Halafu kosha mara ya pili, sasa na maji, na hii ya pili ichanganye shampuu kwenye kopo na maji kidogo iwe nyepesi ienee. Sugua ngozi ya kichwa kwa vidole, kucha weka mbali. Urefu wa nywele hauna haja ya kusuguliwa, povu likiteremka wakati wa kusuuza linautosha.

Kondishna sikatazi, lakini ianzie masikioni kushuka. Utosini isifike. Hili ndo kosa naloliona zaidi, mtu anapaka kondishna kichwa kizima kuanzia kwenye ngozi, anasuuza nusu nusu kwa sababu anapenda ule utelezi, afu anauliza kwanini nywele hazisimami. Zisimame vipi na umezilaza mwenyewe. Na soma nyuma ya chupa, ukiona neno dimethicone liko karibu na juu ya orodha ujue ile ni siramu au kondishna ya kufunika unywele ung'ae na uteleze, kwa nywele nyepesi ni mzigo, itumie kwenye ncha tu au mpe dada yako mwenye nywele nzito.

Mara ngapi? Nywele za kulala zinataka kukoshwa mara nyingi kuliko tunavyoambiwa. Siku mbili tatu si vibaya, na kaskazi lile la Januari na Februari kwa jasho la chini ya buibui hata kila siku ya pili, ila shampuu iwe laini na usitie nyingi.

Mafuta ya nazi siyaondoi kabisa maana ni mafuta mazuri, yanaingia ndani ya unywele na kuuzuia usipoteze protini yake wakati wa kukosha, mafuta mengi mengine hayana uwezo huo. Lakini yatie kabla ya kukosha. Nusu saa au saa moja kabla, kwenye urefu na ncha, kisha kosha kama nilivyosema. Baada ya kukosha usirudie tena kujipaka kiganja kizima.

Mkunazi, hina, uwatu

Kwenye dawa za nyumbani, kwa nywele za kulala mie naupa namba moja mkunazi, na wala sioni ajabu mabibi zetu waliukoshea nywele kabla shampuu haijafika. Najua wapo wanaoogopa kwa sababu majani yake ndo yanayokoshewa maiti, na kuna na wa kuondolea uchawi, basi mtu akiona tu mkunazi anasema astaghfirullah. Lakini katika hadithi dini imemfundisha mwanamke anayejitwaharisha baada ya hedhi atumie maji na mkunazi, sasa hofu ya nini.

Chukua majani makavu, yasage au yatwange yawe unga laini sana, chekecha kwa kitambaa chepesi maana vijipande vyake vikibaki kichwani utavichambua mpaka usiku. Tia vijiko vinne vitano kwenye bakuli, mimina maji ya moto kidogo kidogo huku unakoroga. Kwanza unaona uji wa kijani wenye harufu ya majani, afu ukiupiga kwa mkono unaanza kuvimba na kutoa povu, povu kweli, dogo dogo la kupanda juu, maana majani ya mkunazi yana ile kitu ya kutoa povu kama sabuni. Wacha upoe. Paka kuanzia kwenye ngozi kwenda chini, kaa dakika kumi hadi robo saa, suuza vizuri sana. Usitie mafuta ndani yake, wala mtindi wala asali, utaharibu, sababu unachotaka ni kule kusafisha bila kuacha utando wa mafuta. Nywele zikikauka unazisikia nene mkononi, zina mkwaruzo kidogo, haziteleziani, na huo mkwaruzo ndo unaozibeba zisilale. Mwenye nywele kavu za kukatika atauona mkunazi unamkausha, lakini weye huyo si weye.

Hina nayo inajaza, kwa namna yake. Rangi ya hina inashikana na unywele wenyewe na kuuvika, unywele unaongezeka unene kidogo na unakuwa mgumu zaidi. Ila iwe hina ya majani ya mhina, iliosagwa, ya kijani, haina kingine. Na hapa naomba tuelewane, piko si hina. Ile nyeusi ya kuchorea inayokolea haraka ina kemikali ya rangi ya nywele, PPD, na kuna watu imewatoa malengelenge mkononi na shingoni, tena ikishakutoa malengelenge mara moja mwili unaikumbuka, siku ukitia kichwani rangi nyeusi yenye kemikali hiyo uso unaweza kuvimba. Ukiambiwa hina "nyeusi ya asili", jua imechanganywa, maana hina peke yake haitoi weusi. Na hina ukishatia imetia, haitoki kwa kukosha, kwahiyo kama nywele zako za rangi ya kahawia hupendi wekundu, kaa na mkunazi wako.

Uwatu ni mzuri nywele zikizidi kukatika katika, roweka vijiko viwili usiku, asubuhi saga, ule ute paka robo saa. Lakini ni mzito, usiposuuza vizuri unarudi kule kule tulikotoka. Yai nalo watu wanalipenda, mie silipendi, protini yake ni kubwa haiingii ndani ya unywele, inakaa juu tu, na ukisuuza kwa maji ya moto linaivia kichwani. Halafu harufu.

Kukausha, hapa ndo penyewe

Unywele ukilowa, vifungo vidogo vidogo vya ndani yake vinafunguka, na ukikauka vinajifunga tena kwa umbo lile lile ulilokuwa nalo wakati unakauka. Ukikauka umelala utabaki umelala. Ukikauka umesimama pale mzizini utabaki umesimama, mpaka ulowe tena au unyevunyevu wa hewa uuingie. Ukishalijua hili, mengine yote ya nywele utayafahamu mwenyewe, na utafahamu pia kwanini nywele uliozitengeneza asubuhi ya masika saa sita mchana hazipo.

Ukitoka kukoga usizisugue kwa taulo. Chukua khanga kuukuu, ile ishakuwa laini, au tishati ya pamba, zikamue tu kwa kuzibana. Halafu inamisha kichwa, nywele zote zianguke mbele, kaa karibu na feni na uwe unazitikisa mizizi kwa vidole, unaingiza vidole kwenye ngozi unazungusha, unatoa, unakwenda pengine. Usizichane bado. Kitana chembamba kwenye nywele mbichi kinazilaza na kuzikata, tumia chanuo lenye meno mapana ukianzia kwenye ncha, na utosini usichane kabisa mpaka zikaribie kukauka.

Zikifika pale ambapo ukizigusa zina ubaridi tu lakini hazidondoshi maji, ndo wakati wa rola. Huhitaji kichwa kizima. Safu moja tu, kuanzia kwenye paji kurudi utosini, rola tatu au nne zile kubwa za kunatana. Na namna ya kuziweka ndo siri yenyewe: chukua fungu la nywele upana usiozidi rola, livute juu na mbele kidogo kuelekea usoni, livute lisimame sawasawa, halafu ndo ulikunje kurudi nyuma mpaka rola ikalie juu ya mzizi wake mwenyewe. Ikikalia nyuma ya mzizi umefanya kazi bure, mana mzizi umelala chini. Ukishaweka, kama una draya ya mkono piga moto dakika chache, afu bonyeza ule upepo baridi, au izime ukae tu. Usitoe rola nywele zikiwa na joto. Zinataka kupoa zikiwa juu. Bi harusi wangu wote hapa ndo wananikasirikia, ana haraka, simu inalia, gari iko nje, anataka nizitoe, namwambia kaa mwanangu, kunywa chai.

Umeme ukikatika, au huna draya, tumia vibanio. Pale mzizini, bana unywele uwe na kijinundu kidogo, yani unausukuma mzizi urudi kichwani kidogo halafu unaubana ubaki vile, vibanio sita saba utosini, na ukae na feni ya mkono au baraza yenye upepo. Ukitoa unapitisha vidole tu, vijinundu vinapotea na mnyanyuko unabaki. Njia nyingine ni mabutu manne matano makubwa, legelege, ya kusokota kuelekea juu, zikiwa zimeshakauka nusu, unalala nayo, asubuhi unafungua unapata wimbi na ujazo. Kwa wanafunzi wa skuli hii ndo rahisi.

Draya na pasi ya nywele, kwa nywele nyepesi usipitishe nyuzi 180, na chini ya hapo ni bora zaidi. Pasi hasa ndo adui wa tunachotafuta, inanyoosha mpaka mzizini. Kama lazima uipitishe, anzia chini ya sikio.

Povu la kutengenezea nywele likipatikana ni zuri, kiasi cha yai la kuku wa kienyeji, kwenye mizizi, nywele zikiwa mbichi. Usipolipata, tengeneza maji ya chumvi. Si mmeona mkitoka kukoga pwani siku ya vunja jungu nywele zinavyojaa? Ni chumvi ile. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji vuguvugu, tia kwenye chupa ya kupulizia, pulizia kidogo mizizini kabla ya kukausha. Si kila siku lakini, chumvi inakausha, na ncha zitaanza kupasuka.

Ushungi

Sasa twende kwenye ukweli wetu. Yote hayo umefanya, halafu unafunga mtandio, tena na kofia ya ndani ya kubana, masaa manane. Na wengi wetu tunafunga nywele zikiwa mbichi. Mtu amekoga josho alfajiri, saa moja anatoka kwenda kazini, nywele zinachuruzika, anakunja fundo kisogoni, kofia juu, mtandio juu, basi zile nywele zitakauka jioni, na zitakauka zimebanwa kwenye fuvu. Ndo umbo lao la siku nzima hilo, na ile harufu ya unyevu juu yake, na ngozi inaanza kuwasha.

Kama unajua utakosha asubuhi mapema, jipe saa moja ya kukaa kichwa wazi kabla hujatoka, au kosha usiku baada ya isha ulale nazo zimekauka. Ikishindikana kabisa, kausha mizizi tu. Utosi na mapembe ya paji, dakika tano za draya kichwa kimeinama, ncha ziache mbichi, ncha hazina habari.

Fundo lisikae kisogoni. Lilete juu utosini, legelege, kwa kile kifungio cha kitambaa laini, si mpira wa kubana mafurushi. Fundo la utosini linazinyanyua nywele zote kuelekea juu mchana kutwa, jioni ukifungua mizizi imesimama upande unaoutaka. Ila lisiwe kubwa la kuonekana nje, nnajua hapo masheikh wana maneno yao juu ya nundu ya ngamia na wala sitaki ugomvi na mtu, fundo dogo la kutandaza linatosha na halionekani. Kofia ya ndani iwe ya pamba nyepesi au satini, saizi yako, isiache mstari kwenye paji ukiivua. Na badilisha pale unapopasulia nywele. Ukipasulia kati miaka yote nywele zimeshazoea kulala kila moja upande wake, zipasulie kushoto wiki hii, kulia wiki ijayo, utaona zinapinga kulala.

Kuzifunga kwa nguvu kila siku, zikavutwa mpaka nyusi zinapanda, kunang'oa nywele za mbele polepole. Ukiona paji linapanuka na vinywele vidogo vya pembeni vimekwisha, legeza leo, usingoje, ikikaa miaka mingi hazioti tena pale.

Umefika ukumbini

Harusi ya wanawake, umefika, unavua buibui kule nyuma ya mlango, kila mtu anajitazama kwenye kioo kimoja, na nywele zimelala. Usianze kuzichana. Inamisha kichwa, vidole viwe vikavu, sugua mizizi ya kisogoni na utosini, inua kichwa kwa ghafla, hamisha pale ulipopasulia uende upande wa pili. Nusu ya kazi imeshakwisha hapo.

Kama utosini pana mafuta, kwenye mkoba uwe na konafulawa kidogo kwenye kikopo, kiasi cha kubana kwa vidole vitatu, unaipiga kwenye mizizi kwa brashi ya poda, unangoja dakika mbili, unasugua ikapotea. Inanyonya mafuta na inaupa unywele kitu cha kushikia. Kwa nywele nyeusi sana ichanganye na unga wa kakao nyumbani kabisa, si ukumbini ukatoka na kichwa cheupe kwenye picha za watu. Usipulize ikatimka ukaivuta puani.

Halafu kuchana kinyumenyume. Chukua fungu dogo pale utosini, lishike ncha juu, kwa kitana lisukume kuelekea chini mzizini, mara tatu tu, fungu la pili, la tatu, kisha lile fungu la mbele kabisa usiliguse, lilaze juu ya zile ulizozitibua, piga spreyi kwa mbali. Usirudierudie kila wiki maana inavunja unywele, hii iwe ya harusi na Sikukuu. Na ukirudi usizifungue kavu kwa nguvu, tia kondishna hapo ndo uchane.

Udi, najua hamuwezi kuacha. Fukiza kabla ya spreyi, nywele zikiwa kavu kabisa, na chetezo kiwe mbali, maana spreyi inashika moto. Kikuba, kile kishada cha maua, kipachike pembeni nyuma ya sikio au kwenye fundo, ukikiweka utosini uzito wake na maji ya asumini vinarudisha nywele chini.

Kukata kidogo

Wengi hawataki kusikia mkasi. Lakini kuanzia kiunoni mpaka mabegani nywele nyepesi zinabadilika kabisa, na hata ukikata vidole vinne tu zile ncha nyembamba za mkia wa panya zikitoka, nywele zinaonekana nyingi. Mwambie msusi akate chini sawasawa, mstari mmoja, leya ziwe chache na ndefu kuzunguka uso. Leya nyingi kwa nywele chache zinamaliza na zile zilizokuwepo. Nywele zinaota karibu sentimita moja kwa mwezi, utazipata tena.

Zikiwa hazilali, zinapungua

Kudondoka nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida, kila mtu, usishtuke ukiziona kwenye chanuo. Mama aliyejifungua zinaweza kuanza kudondoka kwa wingi karibu na mwezi wa tatu, mafungu mafungu bafuni, na si kijicho cha mtu, ni homoni za mimba zimeshuka, nyingi zinarudi kabla mtoto hajatimiza mwaka au karibu na hapo. Lakini ukiona njia ya katikati inapanuka mwezi hadi mwezi, au pametoka duara tupu, au unadondosha nywele na huku unachoka, unasikia kizunguzungu, hedhi nzito, nenda hospitali waambie wakupime wingi wa damu na madini ya chuma, na tezi ya shingo. Nywele za upungufu wa damu hazinyanyuliwi na rola. Na vile vichupa vya mafuta ya kuotesha nywele visivyo na maandishi, vinavyowasha kichwani dakika moja tu baada ya kupaka, rudisha dukani, au mwaga.